Mashine Iliyokula Maumivu

Juzi sokoni mama mmoja alizibua chupa mbele yangu. Kizibo chake kilikuwa kipande cha gunzi la mahindi, na mafuta yaliyokuwamo yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Kabla macho hayajaona vizuri, pua ilikuwa imeshajua: mafuta ya mise, yale yanayopatikana kwa kukaanga kokwa za mchikichi hadi zikaribie kuungua, kisha kuzitwanga na kuzichemsha. Kwa wengi ile ni harufu ya moshi tu, ya kahawa iliyosahauliwa motoni. Mama yule alidhani nataka kununua, akanidondoshea tone kiganjani. Nilikunja ngumi nikaenda nayo hadi chumba ninachopanga, mbali sana na Kasongo, na jioni nilipoifungua bado ilinuka mgongo wa Babu.

Niliujua mgongo wa Babu kabla sijaujua vizuri uso wake, kwa sababu alikuwa mtu wa kuondoka. Kazi yake ilikuwa kusukuma baiskeli. Ninyi mliokua nami kusini mwa Maniema mnaiona tayari: baiskeli isiyo na pedali wala mnyororo, kwa kuwa hakuna atakayeipanda; fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine imesimama nyuma ya kiti, na ubavuni zinaning'inia bidoni, yale madumu ya manjano, zilizojaa mawese. Alitoka nayo alfajiri, akashika njia ya Kabambare, na mara nyingi safari yake iliishia Wamaza. Mimi nilisimama mlangoni nikiuangalia mgongo ule umeinama, shati limeshalowa kabla hajaimaliza mitaa ya matofali ya misheni, hadi udongo mwekundu na miembe ya barabarani vikammeza.

Wamaza ndiko alikoolewa Mama. Aliniacha kwa wazazi wake ili nisome Kasongo, ambako walimu walikuwa wakifika darasani hata siku za mvua. Alipoondoka, meno yangu ya mbele yalikuwa bado yale ya utoto. Sasa mapya yalikuwa yameota, mapana, yenye pengo katikati, na yeye alikuwa hajayaona. Babu ndiye aliyempelekea habari zangu na kuniletea zake, pamoja na karanga zilizofungwa katika jani la mgomba, ambazo nilizinusa kwa muda mrefu kabla ya kuzila.

"Safari inayokuja," aliniambia kila aliporudi, "nitakuweka juu ya bidoni, muke yangu. Wewe utakaa kama malkia. Mimi nasukuma, wewe unaimba."

"Na mimi?" Nyanya aliuliza kutoka jikoni.

"Wewe ni muke mukubwa. Utabaki kulinda nyumba."

"Ulinde mwenyewe! Huyu muke yako mudogo hata majani ya sombe hajui kutwanga. Jana amelala na kidole mu mudomo."

Kwetu ndivyo utani ulivyo. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake na mke mwenza wa nyanya yake, na hakuna chakula kinacholiwa bila ugomvi huo wa ndoa. Mimi nilikuwa mdogo kiasi cha kuamini nusu yake. Niliamini kwamba nyanya ananionea wivu wa kweli, na hilo ndilo lililonifanya nisimwelewe baadaye.

Siku moja Babu alirudi akiwa mzigo. Wenzake walikuwa wameziacha bidoni zake kwenye nyumba ya mtu njiani, wakamlaza juu ya baiskeli yake mwenyewe kama gunia la mpunga, na kumsukuma hadi nyumbani. Mgongo ulikuwa umemshika katikati ya mlima. Alikuwa akicheka, lakini alicheka akiwa amekaza meno.

Kutoka siku ile, jua likianza kulegea, Nyanya alitandika mkeka uani. Yeye alikuwa mtengenezaji wa mafuta ya mise. Ndiyo iliyokuwa biashara yake, na vidole vyake havikukauka kamwe, hata vitabu vyangu vya shule vilikuwa na alama zake. Alimimina mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua mikono, akaanza kwenye shingo ya Babu na kushuka polepole. Huku akikanda alisimulia habari za siku nzima: nani amegombana kisimani, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani. Katikati ya habari aliuambia mgongo, "Wee, hapa leo umekasirika," na Babu akaguna. Au, "Hapa umelegea, asante." Alizungumza na ule mgongo kama mtu anayezungumza na jirani wa siku nyingi. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mkeka, nikisubiri apone tuondoke.

Ndipo akaja Mjomba Fidele, kaka yake Mama, aliyekuwa akifanya kazi Kindu. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, na kutoka katika mkoba wake akatoa kitu kidogo cheupe, si kikubwa kuliko kipande cha sabuni, chenye kioo cha kuonyesha namba. Nyaya mbili nyembamba zilitoka ndani yake, na kwenye ncha zake kulikuwa na vibandiko viwili vya mraba, laini, baridi, vinavyonata kama ulimi wa ng'ombe.

"Inatuma umeme kidogo mu musuli," alisema. "Maumivu inatulia. Kule Kindu watu wanatumia kwa nyumba yao, hawaendi hata hospitali."

"Umeme?" Nyanya alisema. "Fidele, baba yako ni balbu?"

Babu alilala kifudifudi. Mjomba alimfuta mgongo kwa sabuni, akaukausha kwa kitambaa, akabandika. Kisha akabonyeza. Na mgongo wa Babu, ambao niliudhania umechoka kabisa, ukaanza kurukaruka wenyewe chini ya ngozi, kama mtoto anavyocheza tumboni mwa mama yake.

"Eee! Fidele! Umeniletea siafu!"

"Inauma, Baba?"

"Iko inatembea... iko inatekenya. Acha! Hapana, usiache. Ongeza."

Tulicheka wote, hata Nyanya. Jirani yetu Mama Zaina, aliyekuwa na magoti mabaya, alikuja mbio akishika khanga yake, akasimama mlangoni na kusema kwamba kama kuna siafu wa kutibu magoti, naye wamuwekee. Baada ya muda Babu alinyanyuka. Alisimama wima bila kushika ukuta. Akatembea hadi kwenye baiskeli yake iliyoegemezwa chini ya makuti, akaigusa kiti.

Kabla ya kuondoka, Mjomba alitoa sharti moja. "Mafuta hapana. Mafuta inazuia umeme kupita, na inaharibu vibandiko. Mama, mikono yako isiguse hii kitu kabisa. Na mugongo wa Baba usipakwe tena, ubaki mukavu."

"Mafuta yangu imefanya kosa gani?" Nyanya aliuliza.

"Hakuna kosa, Mama. Haipatani tu na mashini."

Nyanya aliangalia viganja vyake vilivyong'aa. Kisha akachukua chupa yake, akaisukumia gunzi, akaiweka juu ya kabati ambako huwekwa vitu vya sikukuu.

Kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo na vikavu, kazi ilikuwa yangu. "Muke mudogo ndiye mwenye mashini," Babu alitangaza, nami nikavimba kichwa. Vibandiko vilikuwa vimeacha alama mbili za mraba, zilizopauka kidogo kuliko ngozi iliyozizunguka, moja kila upande wa uti wa mgongo. Nilibandika papo hapo kila jioni, juu ya alama zile zile. Mahali pengine pa mgongo ule sikupagusa. Hapakuwa na sababu.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa namba. Hadi wakati ule, namba pekee nilizokuwa nimeziona zikipanda zenyewe ni za mizani ya mnunuzi wa mpunga. Pale Nyanya alipomwaga mpunga, namba ilipanda, na kila mtu alifurahi ilipopanda sana. Basi nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hii nayo ni mizani. Nyaya zinanyonya maumivu kutoka kwa Babu, zinayaingiza kwenye kisanduku, na namba inaonyesha yaliyoingia ni mengi kiasi gani. Siku za kwanza ilikula tatu. Kisha tano. Nilikuwa nimebonyeza hadi mwisho siku Mjomba alipotuonyesha, kabla ya kubandika, na nilijua kwamba namba ya juu kabisa ni ishirini. Hapo mahesabu yangu yakawa rahisi. Mashine ikishakula ishirini, Babu atakuwa mtupu wa maumivu, na mimi nitakaa juu ya bidoni.

"Imekula ngapi leo?" Mama Zaina aliuliza juu ya ua.

"Nane!" nilipiga kelele.

"Inakula kuliko bwana yangu marehemu!"

Babu hakunisahihisha. Labda alidhani ni mchezo wetu mwingine. Alilala tu, uso upande wangu, shavu limebonyea kwenye mkeka, akasema, "Ongeza, muke yangu." Nikaongeza. "Bado kidogo." Nikaongeza. Kila alipoomba, mimi niliona Wamaza inasogea.

Sitaki kuisema vibaya mashine ile. Ilimpa Babu usingizi. Ilimpa miezi ya kukaa mlangoni akikaza njiti za magurudumu, akipiga soga na wasukuma wenzake waliopita, akinifundisha majina ya milima na mito iliyo njiani, ili nikiipita niitambue: hapa tunapumzika, hapa maji yake ni matamu, hapa usiimbe, mlima huu hautaki kelele. Nilimpelekea mashine kwa mtu wa kuchaji simu, yule mwenye sola juu ya bati lake, nikaibeba kwa mikono miwili kama yai. Wateja wake walinipisha. Nilikuwa na cheo.

Nyanya ndiye aliyebaki bila kazi jioni. Aliendelea kukaanga kokwa zake na kuuza mafuta yake, lakini wakati wa mkeka alikaa jikoni, mbali, mikono yake imelala mapajani kama vyombo vilivyooshwa. Habari za kisimani hazikusimuliwa tena. Siku moja alisogea akanyoosha mkono kuelekea mgongo wa Babu, nami nikalia kwa nguvu, "Nyanya, mafuta!" Akaurudisha. Babu akamcheka: "Muke mukubwa ana wivu." Nilijibu kwamba ndiyo, ana wivu, na wote wawili wakacheka, ila Nyanya alicheka akiangalia moto wa jiko.

Mvua zilipokaribia, mkeka ulihamia ndani, na mashine ilikuwa ikila kumi na nne, kumi na sita. Babu alikuwa amekonda. Nililielewa hilo pia: gunia likimwagwa hulegea. Mtu anayetolewa maumivu mengi namna ile lazima apungue.

Na ikafika ishirini. Nakumbuka kidole changu kikibonyeza na namba ikikataa kupanda tena. Nilitoka mbio uani nikipiga kelele, "Imejaa! Imejaa! Babu amepona!" Mama Zaina alipiga vigelegele kutoka kwake. Nilirudi ndani nikipumua kwa nguvu. Babu alikuwa amelala vile vile, macho yana maji, midomo imekauka.

"Tunaondoka lini?" niliuliza.

"Hakuna namba ingine juu yake?"

"Hakuna. Imeisha."

"Sawa, muke yangu," akasema. "Mvua ikipita."

Lakini mvua haikupita. Ilikaa juu ya Kasongo kama mgeni asiye na haya, asubuhi na jioni, na mtu wa kuchaji aliniangalia kutoka chini ya bati lake akatikisa kichwa. "Jua limelala, na mimi nimelala. Rudisha mashini yako, mutoto." Niliirudisha ikiwa imekufa kioo. Jioni ile Babu hakuweza kuketi. Alijaribu kutania, akaishia kuguna. Mimi nilisimama na kile kisanduku mkononi nikibonyeza na kubonyeza.

Nyanya akainuka. Alipanda juu ya kigoda, akaishusha chupa kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi. Aliondoa gunzi, na nyumba nzima ikanuka kokwa zilizoungua. Alipiga magoti kando ya mkeka, akasugua viganja vyake, akaviweka kwenye shingo ya mumewe. Babu alifumba macho na kutoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Mjomba aondoke.

"Mama Zaina amenunua jogoo," Nyanya alianza. "Jogoo yenyewe ni kipofu. Inawika saa sita ya muchana..." Mikono ilishuka mabegani. Ikapita juu ya alama zangu mbili bila kuzijali. Ikashuka zaidi, chini ya mbavu, upande wa kushoto, ambako mimi sikuwahi kugusa.

Na ikasimama.

Mvua ilikuwa ikipiga makuti. Nilisubiri habari za jogoo ziendelee. Vidole vya Nyanya vilibonyeza, vikarudi, vikazunguka kitu, taratibu, kama mtu anayepapasa gizani kwenye nyumba yake mwenyewe na kukuta kiti ambacho hakukiweka yeye. Mafuta yaliteremka pembeni, yakadondoka kwenye mkeka.

"Iko nini?" Babu aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema. "Mikono imechoka. Haijafanya kazi siku nyingi." Akaendelea, akasimulia jogoo hadi mwisho, na Babu akacheka mahali pa kucheka. Mimi peke yangu ndimi niliyeuona uso wa Nyanya, na niliusoma kwa makosa kama nilivyosoma kila kitu. Nilidhani analia kwa furaha ya kurudishiwa mume.

Hospitalini daktari alimbonyeza Babu pale pale mikono ya Nyanya iliposimama, akauliza uvimbe huo una muda gani. Alisema kwamba ingefaa kumpeleka Bukavu, na kwamba hata Bukavu sasa... akaiacha sentensi yake hapo, akafunga mlango taratibu. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza daktari mwingine, katika mazungumzo tu, kama mtu akiguswa mapema mambo hubadilika. Akasema labda. Kisha akasema labda hapana. Nimeishi kati ya maneno hayo mawili, na nadhani Nyanya ameishi hapo pia, ingawa hajawahi kumlaumu Mjomba, wala mashine, wala mimi. Mara moja tu, tukichambua kokwa, alisema bila kunitazama, "Mugongo ule ulikuwa unaniita. Mimi nikakaa jikoni."

Mama alifika kwa moto, amelowa, kichwa kimefungwa mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kiasi kwamba sikujua la kufanya nayo. Aliinama akanishika kidevu, akasema, "Fungua mudomo." Akayaangalia meno yangu mapya, akaanza kulia. Babu alimsikia akaita kutoka ndani.

"Umekuja kuchukua muke yangu?"

"Nimekuja kuona baba yangu."

"Nilisema nitakuletea mwenyewe. Juu ya bidoni." Alipumua. "Njia imeniharibia maneno."

Hizo siku za mwisho Nyanya alimpaka mafuta asubuhi na jioni. Aliuzunguka uvimbe ule kwa uangalifu, kama unavyozunguka mtoto aliyelala. Habari zote za kisimani zilizolimbikizwa tangu Mjomba aje zilisimuliwa, moja baada ya nyingine, nyingine kwa mara ya pili. Babu alifariki katikati ya mojawapo, asubuhi, mikono ya Nyanya ikiwa begani kwake, na yeye aliimaliza habari ile kabla ya kupiga ukelele.

Baada ya matanga jua lilirudi kwa ukali wake wa kawaida. Mama alikuwa amefunga vitu vyangu. Kesho yake tungeondoka kwenda Wamaza. Niliichukua mashine, nikaenda kwa mtu wa kuchaji, nikakaa pembeni hadi ikajaa. Hakunipisha mtu. Nyumbani nilijificha nyuma ya jiko, nikabandika vibandiko kwenye mkono wangu. Nilitaka kuyaona. Maumivu yote ya Babu yalikuwa mle ndani, ishirini, nilikuwa nimeyajaza mwenyewe jioni baada ya jioni, na nilifikiri nikiiwasha yatanijia, hata kidogo, na nitakuwa na kitu chake cha kwenda nacho.

Niliwasha. Kioo kikaonyesha sifuri.

Nikazima, nikawasha tena. Sifuri. Mashine haikuwa na kitu. Haikumkumbuka mtu yeyote.

Nyanya alinikuta pale nikilia, nyaya zikining'inia mkononi. Alivibandua vibandiko kwa vidole vyake vya mafuta, kimoja, kingine, navyo vikaharibika hapo hapo, akavitupa kwenye majivu. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akamimina mafuta kiganjani.

"Geuka," alisema.

Nilikuwa na mgongo wa mtoto, mzima, usio na historia yoyote. Aliukanda wote, kuanzia shingoni hadi kiunoni, mfupa kwa mfupa, hakuruka mahali. Alisimulia kwamba jogoo wa Mama Zaina ameanza kuwika alfajiri kama wenzake. Kesho yake, nyuma ya moto, katikati ya Mama na dereva, nilizitambua sehemu zote alizonifundisha Babu, na kwenye mlima usiotaka kelele nilinyamaza. Na kifua cha Mama kilinibana mgongoni, shati likanata kwa mafuta.

Kila nikienda Kasongo, hadi leo, Nyanya hanisalimii kwanza. Ananisubiri mlangoni, mikono yake inang'aa, macho yake siku hizi hayaoni mbali, na kabla sijashusha mzigo ananiambia neno lile lile, nami nageuka.